Mkanda wa Shangazi Maryam

Wanawe Ami Khalfan waliniletea masanduku matatu ya kanda za video wiki mbili baada ya matanga yake. Walikwisha kukubaliana wao kwa wao, bila kuniuliza, kwamba ni zangu. Nilifungua la kwanza pale pale barazani kwangu, mtaa wa Ansab, Maskati, na kabla sijasoma jina hata moja harufu ikanipanda puani: plastiki iliyokaa sana, vumbi, udi uliopoa, na ukali kidogo kama wa siki. Walio rika langu wataijua. Ndiyo harufu ya mkanda unaozeeka. Nilikaa nayo mpaka chai ikanipoa mkononi, maana ilikuwa imenirudisha kwenye ule mwaka niliokuwa na miaka tisa, mwaka nilioiharibu sauti ya marehemu shangazi yangu nikiamini naiokoa.

Sisi tuliokulia Maskati katika nyumba za watu waliotoka Unguja tulikuwa na televisheni mbili ndani ya moja. Ya kwanza ilisema Kiarabu. Ilikuwa na habari, mpira na katuni, na kila mtoto wa darasani kwetu aliijua. Ya pili tuliitia wenyewe kwa mkono katika deki, nayo ilisema Kiswahili. Humo mlikuwa na taarabu, ngoma, michezo ya kuigiza, washairi wanaosoma huku wakitazama chini, na mzee mmoja anayechonga milango bila kusema neno kwa robo saa nzima. Yalikuwa marekodi ya kipindi cha muziki na sanaa kilichokuwa kikioneshwa kule nyumbani kila wiki, na aliyekipiga picha kwa miaka mingi alikuwa Ami Khalfan, mdogo wake Baba. Alipohamia Oman alikuja na masanduku mawili. La nguo lilikuwa dogo.

Ami alikuwa mwembamba, mtu wa maneno machache, na mfuko wa kanzu yake haukukosa bisibisi. Alifanya kazi ya kutengeneza televisheni Ruwi na alikaa kwetu, katika chumba cha uani, kwa sababu alikuwa bado hajaoa. Mchana kutwa alishughulika na televisheni za watu, na jioni alisafisha deki letu kwa pamba na spiriti kama mtu anayemsafisha mtoto masikio.

Kila Alkhamisi baada ya sala ya alasiri nyumba ilijaa. Wakija jamaa wa Bawshar nzima, wanawake wakikaa sebuleni na watoto zulini, wanaume upande wa majlisi na mlango ukiachwa wazi ili nao waone. Mama alikata mkate wa kumimina vipande vidogo ili utoshe. Kazi ya kuchagua mkanda ilikuwa ya Ami, lakini wa mwisho haukuchaguliwa na mtu. Wa mwisho siku zote ulikuwa mkanda wa Shangazi Maryam.

Shangazi Maryam alikuwa binti pekee wa Bibi, dada wa Baba na Ami. Familia ilipohamia Maskati, yeye alikuwa ameolewa na akabaki Unguja, na Ami naye akabaki kwa ajili ya kazi yake. Bibi alifunga safari ya kurudi kumwona mara mbili. Ya kwanza Babu akaugua, akafungua mizigo. Ya pili habari ya msiba ilifika kabla ya siku ya ndege. Shangazi alikufa kwa maradhi ya kifua, hajafika miaka thelathini, na mimi nilikuwa bado sijazaliwa. Kwa hiyo nilimjua ndani ya kioo tu. Alivaa gauni la kijani lenye mikono mirefu, nyuma yake wamekaa wapiga fidla safu nzima, na alisimama kama mtu anayesubiri zamu yake ya kuteka maji, hana haraka, hana wasiwasi. Kisha akafungua mdomo. Hata leo sijui kuieleza sauti ile. Haikuwa nyembamba kama za wengine. Ilitoka chini, ikapanda pole pole, na ilipofika juu haikupiga kelele.

Katika ubeti wa mwisho Shangazi aliinua macho, akatazama mbele moja kwa moja, akatabasamu. Mimi nilijua kwamba ananitazama mimi. Nilifanya uchunguzi. Nilihama kutoka kulia mwa zulia kwenda kushoto, nikajificha nyuma ya bega la binamu yangu, nikalala kifudifudi na kuchungulia. Popote nilipokuwa alinipata. Sikumwambia mtu, kwa sababu sikutaka wengine waone wivu. Baada ya tabasamu lile picha iliruka, zikaja chenga, na Ami akazima. Aliwahi kueleza kwamba mwisho wa mkanda uliliwa na deki moja bovu huko Unguja, na kwamba hapakuwa na kitu cha maana hapo, salamu tu.

Bibi hakulia akiutazama. Aliketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, leso magotini, na midomo yake ikienda pamoja na maneno bila kutoa sauti. Ukisha, alisema Alhamdulillahi, akaomba kahawa.

Alkhamisi moja mistari myeupe ilipita usoni kwa Shangazi, na sauti ikatetemeka mahali ambapo haikuwa ikitetemeka. Bibi akageuka kumtazama Ami. Ami akamwambia, kwa upole, kwamba mkanda unalika. "Kila tukiucheza unapungua kidogo, Mama. Ipo siku utakwisha."

Watu wazima walisikitika, wakanywa kahawa, wakazungumza mengine. Mimi nilibaki na lile neno. Unalika. Niliona mashine ina meno, na kila Alkhamisi inamla Shangazi Maryam kidogo kidogo, na watu wote hawa wanaompenda wamekaa wanatazama na mkate mkononi. Wiki iliyofuata nilimtazama kwa makini nikaona kweli anapungua. Kijani cha gauni kilikuwa kimefifia. Na tabasamu, niliapa, lilikuwa fupi kuliko la wiki iliyopita. Ikiwa hakuna mkubwa wa kumtoa, basi nitamtoa mimi.

Shule zilikuwa zimefungwa, joto la Maskati limefika pale ambapo mpini wa mlango wa gari unaunguza. Siku ya Jumamosi mchana, watu wamelala, niliuchukua mkanda kutoka kwenye kabati la televisheni, nikauzungushia mtandio wangu mzuri, nikautia ndani ya bati la biskuti na kulifunga kwa nguvu. Nikapanda nalo darini, kwenye kijistoo kilicho kando ya tangi la maji, ambako hakuna aliyekuwa akienda mpaka baridi iingie. Nililiweka nyuma ya magodoro ya wageni. Nilishuka nimejaa fahari. Nilikuwa nimempa Shangazi chumba cha peke yake, mbali na meno.

Ilipofika Alkhamisi mkanda ukatafutwa. Kwanza kwa utani, halafu kwa hasira. Kabati likasogezwa, mito ikainuliwa, chumba cha Ami kikapekuliwa na Ami mwenyewe. Wageni wakaanza kuaga. Wiki ya pili ikapita hivyo hivyo. Bibi hakuuliza tena, ila aliacha kuja sebuleni alasiri, na nikimpelekea kahawa nilimkuta amekaa kitandani, uso ukutani. Nilidhani amechoka. Nilijiambia siku nitakapokuwa mkubwa na kuna mashine isiyo na meno, nitamshushia mkanda wake, naye atanishukuru.

Ugomvi ulizuka siku ambayo Baba alirudi kazini akamkuta Ami anaazimisha kanda mbili kwa jamaa mmoja wa Bawshar. Baba hakupenda tabia hiyo tangu zamani. Safari hii alisema yote aliyokuwa amezuia: kwamba Ami anagawa vitu vya nyumba kama peremende, kwamba bila shaka na ule amempa mtu na amesahau, na kwamba mama yao amenyang'anywa mtoto mara ya pili kwa uzembe wake. Ami alikwenda chumbani kwake na nikamwona kupitia dirisha anatandaza nguo juu ya kitanda na kuanza kuzikunja. Lile sanduku dogo lilikuwa wazi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimefanya kitu. Nilikuwa sijaelewa bado kitu gani. Nilikimbilia darini bila viatu, nyayo zikaungua, nikalitoa bati nyuma ya magodoro. Lilikuwa la moto kiasi kwamba nililibeba ndani ya gauni langu. Nikalishusha mpaka uani, mbele ya Baba na Ami, nikalifungua. Gamba la mkanda lilikuwa limejikunja kama mkate ulioachwa juani, na kile kidirisha chake kimepasuka.

Baba aliinua mkono, akaushusha. Aliuliza kwa nini. Bibi, aliyekuwa amesimama mlangoni na sikujua amefika lini, akanivuta kwake. Bibi alikuwa akiniita mke mwenzangu tangu nizaliwe, kwa utani wa mabibi, na hakuniita vingine hata siku ile.

"Mke mwenzangu, ulikuwa unamficha nani?"

"Shangazi," nikasema. "Nilitaka asimalizike."

Bibi alijifunika uso kwa leso. Baba akaingia ndani. Ami alilichukua lile bati kutoka mikononi mwangu, akakaa chini kwenye saruji, akatoa bisibisi. Nguo zake zilikaa juu ya kitanda siku mbili, kisha akazirudisha kabatini mwenyewe, na Baba alimtuma Mama ampelekee chakula cha mchana kwa mkono wake, jambo ambalo katika nyumba yetu lilikuwa sawa na kuomba radhi.

Kwa siku nne Ami alifanya kazi ambayo sikuwahi kuona mtu akiifanya kwa utulivu ule. Alilivunja gamba, akautoa utepe, akauhamishia katika gamba jingine, akiunyoosha kwa vidole viwili vilivyofungwa pamba. Alinikalisha karibu. Hakunisema wala hakunifariji. Alinieleza tu: hapa ndipo inapokaa picha, huku pembeni ndipo inapokaa sauti, na joto linafanya hivi. Akanieleza pia kwamba mkanda haupungui kwa kuliwa bali kwa kusuguliwa, na kwamba mtu aliye ndani yake hahisi lolote. Nikamwuliza, basi kwa nini alikuwa akinitazama. Akasema hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama mtu wa kamera. "Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale, mwanangu. Nilikuwa nimemkonyeza."

Tulipoutia kwenye deki zilitoka chenga na mngurumo, na katikati ya mngurumo, kwa mbali, fidla. Sauti ya Shangazi ilisikika maneno matatu, ikazama. Bibi alisema basi, zima, usije ukaiharibu na mashine.

Lililobaki lilikuwa kutafuta kama kuna mtu mwenye nakala. Na hapo ule ugawaji wa Ami ukageuka kuwa tumaini letu pekee, jambo ambalo hata Baba alilitambua. Ami alipita nyumba kwa nyumba, Bawshar mpaka Seeb, nami nikifuatana naye kwenye gari nikiwa na daftari. Tulipata kanda zake nyingine kumi na tatu alizokuwa amesahau, lakini sio ule. Kila tukirudi Bibi aliuliza tulikopita. Siku moja akauliza, "Kwa Asya mmekwenda?"

Bi Asya alikuwa jirani yao wa Unguja, sasa akikaa Matrah. Ami alipokuja Maskati nyumba yetu ya Ansab ilikuwa haijakwisha na tulikuwa tumebanana vyumba viwili vya kupanga, basi akafikia kwa Bi Asya na mumewe mwezi mzima. Ami akajibu kwamba Bi Asya ni mtu mzima, miguu inamsumbua, na hadhani kama ana deki siku hizi. Alijibu haraka mno kwa mtu asiyependa maneno. Wiki ikapita na hatukwenda Matrah.

Simu ililia asubuhi moja, nami ndiye niliyekuwa karibu. Mwanamke mwenye sauti nzito aliuliza mimi ni mtoto wa nani, akaniombea dua, kisha akasema: "Nimesikia mnautafuta mkanda wa Maryam. Mwambie bibi yako kwangu upo. Marehemu mume wangu aliutoa nakala Khalfan alipofikia kwetu." Nilipiga kelele nyumba nzima ikasikia. Ami alikuwa anakunywa chai. Alikiweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa, akasema vizuri, twende.

Nyumba ya Bi Asya ilikuwa juu kidogo nyuma ya barabara ya bahari, na dirishani kwake ziliingia honi za meli za mizigo kutoka bandarini. Tulimbusu mkono, tukakaa. Alikuwa ameshautia mkanda tayari. Picha ilikuwa na rangi mbovu, gauni la kijani limekuwa la bluu, lakini alikuwa yeye, na sauti ilikuwa yote. Nilishukuru kwa machozi. Ubeti wa mwisho ukafika, akainua macho, akatabasamu, na Ami akasema kwa haraka, "Inatosha, Bi Asya, tumeuona."

"Ngoja," akasema Bi Asya, "bado hajasema."

Picha haikuruka. Mtangazaji, kijana mwenye suti, alikuja na kipaza sauti akamsifu Shangazi, akamwuliza nani aliyemfunza kuimba. Kwa mara ya kwanza nilimsikia Shangazi Maryam akizungumza. Alikuwa na lafudhi ya Bibi hasa.

"Mama yangu," alisema. "Yeye ndiye anayejua, mimi nnaiga tu. Yuko Maskati. Hanisikii hivi sasa, lakini siku akinisikia, ajue mimi namngojea."

Bi Asya alijifuta macho, akasema hakuwahi kumtajia Bibi jambo hili miaka yote, akijua lazima linamuumiza kila akiusikia. Ami alimshukuru, akachukua mkanda kwa mikono miwili. Garini hakuwasha injini. Alikaa ameshika usukani na jua linatupiga usoni, kisha akanieleza kama anamweleza mtu mzima. Deki haikula kitu. Yeye ndiye aliyeukata mwisho wa mkanda, kwa mkasi, chumbani kwa Bi Asya, siku mbili kabla ya kumpelekea mama yake. Shangazi alikuwa amekwisha kufa, Bibi alikuwa hajaacha kulia, na yeye hakuweza kumtilia mbele ya macho mtoto anayesema namngojea. Alidhani atamwambia baadaye. Baadaye kila mwaka ikawa ngumu zaidi.

Akaniuliza ningekuwa yeye ningefanyaje. Sijui kama alitaka jibu. Mimi nilimjibu lile lililokuwa likinitia hofu: kwamba Bibi ataniuliza kama tumeuona mkanda wote, na mimi siwezi kumficha kitu tena. Akawasha gari.

Tuliutia mkanda alasiri ile ile, bila wageni. Walikuwapo Bibi, Baba, Mama, Ami na mimi. Ami alisimama kando ya televisheni, hakukaa. Kabla ya kubonyeza alimwambia Bibi kwamba kuna maneno mwishoni ambayo yeye aliyakata, na kwamba anamwomba radhi kabla hajayasikia. Bibi alimwashiria kwa kidole aendelee.

Nilimtazama Bibi badala ya kioo. Midomo yake ilikwenda na wimbo kama kawaida. Mtangazaji alipotokea ikasimama. Shangazi aliposema Mama yangu, Bibi aliitikia "Labeka", kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeitwa kutoka jikoni. Halafu yakaja yale mengine, halafu mtangazaji akaaga, zikaja chenga za kweli, na hakuna aliyezima.

Baba ndiye aliyekuwa analia. Bibi alikunja leso yake mara mbili, akainyoosha.

"Nilimwacha huko," alisema. "Miaka yote nnajua kwamba alikufa ana uchungu na mimi. Hakuna aliyenambia hivyo. Nilijua tu mwenyewe." Akamgeukia Ami. "Wewe ulidhani unanipunguzia, mwanangu. Umenichelewesha tu."

Ami alipiga magoti akamshika miguu, na Bibi akamwekea mkono kichwani, akaiondoa kofia yake, akaiweka kando, akaurudisha mkono. Walikaa hivyo. Mama alinishika mkono akanipeleka jikoni tukapike chai ambayo hakuna aliyekuwa ameitaka.

Alipotoka pale Bibi alikuwa na amri mbili, na alizitoa kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake. Ya kwanza, mkanda ule asinyimwe mtu. Anayetaka nakala apewe, uwe katika nyumba nyingi kiasi kwamba hata mjukuu wake akiuchoma ule wa nyumba hii usipotee. Alinitazama aliposema hivyo, nami nikacheka, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Ya pili, alimtaka Ami afundishe mtu kazi ile.

Ami aliazima deki la pili akaliunga na letu kwa waya. Kwa siku zilizobaki za likizo madeki hayo yalikuwa yakinakili mchana kutwa, mkanda baada ya mkanda. Watu walikuja na kanda tupu mifukoni. Bibi alirudi kwenye kiti chake cha dirishani, lakini sasa hakukaa kimya. Alitaja watu. Huyu mpiga ganuni ni mtoto wa fundi cherehani wa mtaani kwetu. Huyu mpiga dumbaki alikuwa na kaka yake pacha, wakibadilishana na hakuna aliyejua. Yule bibi wa pili katika waitikiaji hakuwa anaimba, alikuwa anafungua mdomo tu, maana alikosana na kiongozi wa kikundi. Mimi niliandika yote katika lile daftari, kwa mwandiko mbaya, Kiswahili kwa herufi nilizojifunzia Kiarabu kwa sababu ndizo nilizozizoea. Nilipokosea jina alinifanya nilifute na kuandika upya.

Na mwishoni mwa likizo, alasiri moja, Bibi alimwuliza Ami kama bado ana kamera. Ami alipoitoa, Bibi akaoga, akajifukiza, akavaa kanga mpya, akakaa. Akasema ataimba ule wimbo wa Maryam kama alivyomfunza, ili watu wajue ulivyo. Baba alitoka nje, si kwa kuchukia, bali kwa kumwonea haya mama yake, akarudi baada ya ubeti mmoja akakaa sakafuni. Sauti ya Bibi ilikuwa imekatika juu, lakini ile ya chini, ile inayopanda pole pole, ilikuwako. Nilikuwa nimeshika kipaza sauti kwa mikono miwili.

Bibi aliishi miaka sita baada ya pale. Nyumba tuliibomoa, tukajenga nyingine hapo hapo. Ami alioa, akapata watoto, akanifundisha kila alichokijua, na mpaka mwaka jana, mikono ikimtetemeka, alikuwa akija kwangu kila wiki kukaa nyuma yangu na kunisahihisha. Mimi ni mhasibu kwa kazi. Hii ya kanda ndiyo kazi yenyewe. Nina chumba kizima chenye baridi, madeki manne yanayofanya kazi na mawili ya kutolea vipuri, na kompyuta ambayo vijana wangu hawaruhusiwi kuigusa. Kanda mia na zaidi nimeshazihamishia humo. Watu wananiuliza kama sioni nachelewa, na kanda zinaoza. Zinaoza, ndiyo. Mimi pia nina haraka, na najua ninachokifanya.

Juzi kanda za masanduku ya Ami zilipokuwa zinangoja, nilipata ujumbe wa sauti kutoka Unguja. Msichana wa miaka kumi na tisa, wa kikundi cha wanawake, amesikia kwa mtu kwamba mimi ninao wimbo fulani ambao kwao wanaujua beti mbili tu. Aliomba kwa adabu, akaniita Bi Mkubwa, akasema hata sehemu tu itawatosha. Akaniimbia kile kidogo anachokijua, nyuma yake nikisikia honi za vespa na mtu anayeuza ndizi. Alikuwa amekosea mahali pawili, lakini alianzia chini.

Nilimpelekea wote. Nikampelekea na wa Bibi, na majina ya wapigaji kwa safu zao, na nikamwambia baada ya wimbo asizime, kuna maneno.